Jezi namba 23 ilivyotoka kwa Cannavaro hadi kwa Ninja

BOTI ikiondoka bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, inatumia takribani saa mbili kufika Dar es Salaam. Kwa kinda wa Unguja aliyesajiliwa na klabu kubwa ya Bara, hizo saa mbili ndiyo sehemu nyepesi. Shughuli inaanza akishashuka.

Nyumbani alizoea kucheza mbele ya watu wanaomjua tangu mdogo. Bara anakutana na uwanja unaochukua mashabiki 60,000, redio zinazomjadili asubuhi hadi usiku, na mshahara ambao ndugu na jamaa wote wameshausikia. Kipaji kinamfikisha pale. Kubaki ni habari nyingine, na hapo ndipo anapohitajika mkongwe.

Nadir Haroub 'Cannavaro' anaijua njia hiyo vizuri. Beki huyo wa Kizanzibari alikuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, na mwaka 2009 alicheza Canada katika klabu ya Vancouver Whitecaps.

Anajua pia uchungu wa kupisha. Januari 2016, kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa Mbwana Samatta unahodha wa Stars, na Cannavaro akatangaza kuachana na timu ya taifa. Safari ile, kitambaa kilichukuliwa.

Miaka miwili baadaye mambo yalikuwa tofauti. Abdallah Shaibu 'Ninja', beki wa kati kutoka Taifa ya Jang'ombe, alitua Yanga mwaka 2017 na kumkuta Cannavaro bado yupo kikosini. Mbele yake walikuwepo pia Kelvin Yondani na Andrew Vincent 'Dante'. Kwa dogo aliyetoka Ligi Kuu ya Zanzibar, ilibidi ajifunze kwanza, namba baadaye.

Cannavaro alipostaafu mwaka 2018, jezi yake namba 23 ikaenda kwa Ninja. Yeye mwenyewe hakuondoka, alibaki klabuni kama meneja wa timu. Mwaka huohuo, kiungo Feisal Salum 'Fei Toto' naye akavuka bahari kutoka JKU, akiwa na miaka 20.

Hawakukuta maisha ya raha. Yanga ilikuwa inapitia ukata, na mashabiki walikuwa wakichangishana fedha kuisaidia klabu. Kipindi kama hicho ndicho kinachowarudisha vijana wengi nyumbani mapema. Hata hivyo, msimu wa 2018/19 Yanga ilimaliza ya pili.

Ninja hakuishia Jangwani. Alikwenda Marekani kuichezea LA Galaxy II, pwani ileile ya magharibi ya Amerika Kaskazini aliyowahi kufika mwenye jezi wa kwanza, kisha mwaka 2020 akarejea Yanga.

Mkongwe hamchezei kinda mechi zake. Anachoweza ni kumwonyesha beki asimame wapi straika anapomzunguka, kumkumbusha kulala mapema, na kumtuliza siku anapozomewa. Akiwa mtu wa kwao, hata lafudhi yake inampunguzia kinda ugeni.

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijana wengine watapanda boti pale Malindi. Wazazi na viongozi wao huuliza kwanza dau la usajili. Waulize na hili: kule anakokwenda, nani atampokea?