Jenga kwa Vifaa Uvijuavyo

Aghalabu askari hufundishwa kuifungua na kuifunga silaha yake gizani, mpaka vidole viijue kuliko macho. Fundisho hilo yafaa limwongoze pia askari apendaye kujitengenezea mitambo midogo ya umeme nyumbani kwake.

Tumfikirie askari akaaye Mvara, mjini Arua, atakaye kengele ya kulinda mlango wa ghala usiku. Huenda akavutiwa na mchoro wenye vipande vya kigeni visivyopatikana ila kwa kuagizwa. Siku kimoja kitakapoungua, itambidi angoje mzigo kutoka Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500, na siku zote hizo mlango hauna kengele.

Lakini kazi hiyo hufanywa na vitu vichache: betri ya volti 12, fyuzi ndogo, rezista ya omu 10,000, transista ya BC547 na king'ora kidogo kisichotumia zaidi ya miliampia 30. King'ora hufungwa kati ya upande chanya wa betri na mguu wa kolekta. Mguu wa emita huenda upande hasi. Rezista hupeleka umeme kidogo kwenye mguu wa kati, uitwao besi. Waya mwembamba uliopitishwa mlangoni huuchepusha umeme huo hadi upande hasi, na king'ora hunyamaza. Mwizi akiukata waya, umeme huingia kwenye besi, transista hufunguka, na king'ora hulia. Wakati wa kungoja, mtambo hutumia miliampia 1.2 tu.

Faida yake ni dhahiri. Vipande hivi ni vya kawaida kwa mafundi wa redio, na mara nyingi hupatikana katika redio mbovu. Ikikosekana BC547, transista ya 2N2222 yaweza kushika zamu yake, mradi mpangilio wa miguu uhakikishwe kwanza. Aidha, ajuaye kazi ya kila kipande hutambua kosa upesi, kwa mita moja tu mkononi.

Historia ya vita yathibitisha jambo hili. Mwaka 1944, huko Anzio nchini Italia, askari wa Marekani walijitengenezea redio mahandakini kwa wembe, ncha ya penseli, pini, waya na kisikilizio. Redio hizo hazikuhitaji betri, na askari walisikiliza matangazo kwa vitu vilivyokuwa tayari mikononi mwao.

Hatusemi vifaa vipya vidharauliwe. Ajifunzaye na ajifunze kimoja kimoja, akijaribie mezani, wala asikitegemee lindoni kabla hajakizoea. Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa mlinzi wa usiku, kengele sahili iliayo ni bora kuliko mtambo wa fahari usioweza kutengenezwa kabla ya alfajiri.