Mchezaji Aondoka, Hesabu Yabaki

Huenda mwadhani kwamba timu tajiri humwacha mchezaji wa siku nyingi kama mtu avuavyo koti. Sivyo. Tazameni mambo ya Marekani, katika ule mpira wao wa kushika kwa mikono.

Huko timu 32 za NFL zina kikomo kimoja cha mishahara, ili wenye fedha nyingi wasiwachukue hodari wote. Mwaka 1994 kilikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2024 kilifika milioni 255.4.

Mchezaji akitia sahihi hupewa fedha nyingi mkononi. Lakini vitabuni fedha hizo hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Akiachwa mapema, mafungu yaliyosalia huiangukia timu. Akihesabiwa kuwa ameachwa baada ya Juni 1, mzigo hugawanywa kwa miaka miwili. Mshahara aliohakikishiwa nao huhesabiwa.

Machi 2024 timu ya Denver ilimwacha Russell Wilson, mwenye miaka 35. Aliichezea misimu miwili tu, akaiachia mzigo wa dola milioni 85: milioni 53 mwaka ule, na 32 mwaka 2025. Kwa nafasi hiyo haikuweza kuajiri mtu mwingine.

Je, mzee asiyehakikishiwa kitu? Huyo huachwa upesi, hata kama jana alishangiliwa. Basi wazazi, wafundisheni vijana wenu: mkataba husomwa kabla ya kutia sahihi, si siku ya kuachana.