Kufuli Gani kwa Pikipiki ya Engaresero?

Kwa msomaji wetu aliyeko Unguja, Pemba au Mafia, Engaresero ni jina la mbali. Ni kijiji cha wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai na karibu na ziwa Natron, zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe kutoka Mto wa Mbu. Hata hivyo tunadiriki kusema kwamba mtu wa visiwani ataielewa Engaresero upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam, kwa sababu nayo ni kisiwa, ila kimezungukwa na nchi kavu. Njia za kuingia na kutoka zinahesabika, chombo cha usafiri ni mali kubwa, na upepo wenyewe umebeba chumvi. Kwa hiyo leo tumeona tulitazame jambo ambalo baadhi ya wakubwa wataliona dogo, nalo ni kufuli la pikipiki.

Si dogo hata kidogo. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni, chombo hiki kimefika mahali ambapo basi halifiki. Ndicho kinachompeleka mama mja mzito zahanati usiku, ndicho kinacholeta unga na dawa za mifugo, na mwaka 2022 Serikali yenyewe iligawa pikipiki kwa maelfu kwa maafisa ugani wake. Bei ya pikipiki mpya hupita shilingi milioni 2. Vijana wengi huiendesha kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa mwenye chombo kila wiki mpaka deni liishe, ndipo iwe mali yao. Ikiibwa katikati ya mkataba, tajiri amepoteza mtaji na kijana amepoteza miezi ya jasho lake, na pengine deni bado linamfuata. Tena ipo hatari nyingine ambayo hatupendi kuitaja lakini hatuna budi. Mtuhumiwa wa wizi wa pikipiki akiangukia mikononi mwa umati wenye hasira, mara nyingi hafiki polisi akiwa hai. Kwa hiyo kufuli lililozuia wizi limemhifadhi hata huyo aliyekusudia kuiba.

Sasa mnunuzi akifika dukani Arusha, kitu cha kwanza atakachoonyeshwa ni king'ora. Kimefungwa katika karatasi inayong'aa, kina kidude cha kubonyeza kwa mbali, nacho hulia pikipiki ikiguswa tu. Sisi hatukipingi king'ora mahali pake. Katika mtaa wa Mji Mkongwe, ambapo dirisha linatazama dirisha, kikilia watu kumi watatoa vichwa. Lakini king'ora hakimzuii mwizi. Kazi yake ni kuita jirani. Pale ambapo boma moja liko mbali na jingine, na mwenye pikipiki ameiacha njiani akaenda kwa miguu kutafuta ng'ombe wake, king'ora kitamwita nani? Fisi?

Na hapo hatujasema habari ya upepo. Bonde lile lina upepo mkali, nao pamoja na mbuzi wanaojikuna kwenye matairi watakiliza king'ora mchana na usiku, mpaka kisiwepo tena mtu wa kukisadiki. (Mwezi Julai 2007, ardhi ya Gelai na Lengai ilipotetemeka siku nyingi kabla ya mlima kulipuka mwezi Septemba, mwenye chombo cha namna hiyo angekesha.) Aidha, king'ora hunywa umeme wa betri hata pikipiki ikiwa imelala. Pikipiki iliyosimama siku nyingi inaweza kukutwa haina nguvu ya kuwaka, na hilo ni balaa kamili ikiwa ndiyo inayongojewa na mgonjwa.

Kinachofuata dukani ni kufuli la diski, dogo, linaloingia mfukoni. Ni zuri, lakini mnunuzi aitazame kwanza pikipiki yake. Boxer nyingi zinazotumika vijijini hazina diski kabisa. Breki zake zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na kufuli hilo halina mahali pa kushika. Tumekwisha kusikia habari za walionunua kwanza na kutazama baadaye. Kuhusu kufuli la usukani linalotoka kiwandani, litumike kila mara, lakini lisitegemewe peke yake, kwani kijana mwenye nguvu akiukamata usukani na kuuvuta kwa kishindo aweza kulivunja.

Ushauri wetu ni mnyororo. Tunakusudia mnyororo mzito wa chuma kilichokomazwa, si ule mwembamba wa kufungia mbwa, ambao mkasi wa kukatia nondo huumaliza kwa pigo moja. Upitishwe katika gurudumu la nyuma na katika chesisi, kisha ufungwe kwenye kitu kisichong'oka. Anayefunga gurudumu la mbele tu ataachiwa gurudumu. Anayefunga magurudumu bila kuyashikiza na kitu asisahau kwamba pikipiki ya kilo 110 hivi huinuliwa na vijana wanne na kutiwa katika gari. Tena mnyororo usilazwe chini, maana ukilala juu ya jiwe mwizi ameshapata fuawe, amebakiwa na kutafuta nyundo.

Ama kufuli lenyewe, hapa ndipo mtu wa visiwani na mtu wa Natron wanapoachana. Mzanzibari amezoea kulipaka grisi kufuli lake ili chumvi ya bahari isiingie, naye hakosei. Engaresero, grisi hukusanya vumbi na majivu mpaka tundu la ufunguo likajaa tope. Huko ni heri unga mweusi wa penseli, uliosagwa na kupulizwa ndani, na kifuniko juu ya tundu. Pia magadi hula alumini. Kwa hiyo kufuli lenye mwili wa shaba nyeupe au chuma kizito ni afadhali kuliko jepesi lililopakwa rangi ya fedha, hata kama hilo jepesi lina bei ya kuvutia.

Tumesema mnyororo ufungwe kwenye kitu kisichong'oka, na hapa tunawageukia viongozi. Katika uwanda ule miti mikubwa ni michache. Nguzo moja ya chuma iliyosimikwa kwa zege mbele ya zahanati, nyingine mnadani, nyingine penye ofisi ya kijiji, hazitaishinda bajeti ya halmashauri yoyote. Afisa aliyekabidhiwa pikipiki ya umma bila mnyororo amekabidhiwa nusu ya pikipiki, na wanaoandaa manunuzi wajue hivyo kabla ya kufunga hesabu.

Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Kila mwenye pikipiki aiandike namba ya chesisi na ya injini mahali pengine, na kadi ya usajili isiwekwe chini ya kiti, kwani anayeibeba pikipiki hubeba na hati yake. Visiwani, chombo kilichoibwa hakina budi kupita bandarini ili kivuke. Bonde la Natron nalo lina milango yake, kusini kwenda Mto wa Mbu, juu kwenda Loliondo, na mashariki kuelekea Longido na mpaka wa Kenya. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu imekuwa na vizuizi vya halmashauri vinavyotoza ushuru wageni wanaokwenda kutazama ziwa na mlima. Tunaomba halmashauri za Ngorongoro, Monduli na Longido zikutane na polisi, ili mlinzi aliyeko kizuizini aandike pia namba ya kila pikipiki inayopita baada ya jua kutua, pamoja na saa iliyopita.