Kansa ya tumbo: juu ya nini kamera inapita mbele ya kisu?

Mutu akisikia tumbo linachoma, mara nyingi anapita kwanza famasi kununua omeprazole. Maumivu yanatulia, anarudi shambani ao ziwani. Lakini dawa hiyo inaweza kutuliza kwa muda hata kidonda chenye kansa, na ugonjwa ukaendelea kimya kimya.

Kansa ya tumbo haiko ngeni mashariki mwa Kongo. Kati ya 1983 na 1986, wanganga wa hopitali ya Katana, huko Kivu, walihesabu kansa za wagonjwa wao, na ile ya tumbo ilikuwa kati ya zile zilizokutwa mara nyingi. Sababu moja kubwa ni mikrobu iitwayo Helicobacter pylori. OMS iliiweka kati ya vitu vinavyoleta kansa mwaka 1994, hata kama watu wengi wanaibeba bila kupata kansa.

Kamera inaona nini?

Kipimo kinaitwa endoskopi; wengine wanasema fibroskopi. Mugonjwa anafika bila kula tangu usiku. Munganga anapitisha mdomoni tuyo nyembamba yenye taa na kamera, anatazama ndani ya tumbo, na anakata vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya laboratware.

Kujua kama ni kansa haitoshi. Inabaki kujua imeingia mpaka wapi. Ukuta wa tumbo uko kama ukuta wa nyumba: ndani kuna udongo uliopakwa, nyuma yake matofali, halafu upande wa nje. Mchwa wakiwa kwenye udongo tu, unakwangua. Wakiingia katikati ya matofali, kazi inakuwa ingine.

Tangu 1962, wanganga wa Japani wanaita kansa «ya mwanzo» ile ambayo haijafika kwenye musuli wa tumbo. Huko kwao, ikigunduliwa hapo, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wanapita miaka mitano. Ili kupima urefu wake, munganga anatazama rangi na mikunjo ya nyama, anaweza kumwagia dawa ya rangi ya bluu, ao kutumia ekografi iliyofungwa kwenye ncha ya tuyo. Skana inatafuta kama imefika kwenye maini ao mapafu.

Matunzo yanategemea jibu hilo

Kansa ndogo, isiyopita santimetre 2, iliyo kwenye tabaka la kwanza na bila kidonda, inaweza kutolewa kwa tuyo hiyo hiyo, bila kupasua tumbo. Ikizama zaidi, inaomba operesheni, na mara nyingine dawa mbele yake. Ikisambaa mbali, kukata tumbo hakuponyeshi tena. Matunzo yanabaki ya kupunguza ugonjwa na maumivu.

Kwa familia ya Moba, inayopaswa kulipa boti mpaka Kalemie na pengine safari ya Lubumbashi, jibu hilo lina uzito. Ni vizuri kulijua mbele ya kuuza shamba.

Asiyeweza kungoja ni mwenye kutapika damu, kutoa choo cheusi, kukonda bila sababu, kushiba haraka ao chakula kukwama. Huyo asirudi tena famasi. Aende hopitali, na amuulize munganga: «Kidonda hiki kimefika tabaka gani, na vipande vimepimwa?»