Muuguzi Naye Huchoka

Wahenga walisema: Mganga hajigangi. Methali hiyo ni fupi, lakini ina mengi ya kutufunza juu ya watumishi wa hospitali zetu. Tumezoea kumwona muuguzi akikesha wodini, akigawa dawa, akimpokea mtoto azaliwaye na kumfunika marehemu kabla hakujapambazuka. Asubuhi akitujibu kwa ukali, twasema ana kiburi. Ni wachache wetu waulizao kama amelala.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mtaalamu wa elimu ya nafsi mjini New York, aliandika juu ya watumishi wa zahanati ya bure aliyokuwa akifanya kazi. Walianza kwa ari kubwa, wakaishia kuchoka mwili na roho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si ugonjwa, bali ni jambo litokanalo na kazi. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi, na utendaji wake kufifia. Basi ikiwa chanzo ni kazi, kumwambia muuguzi ajikaze hakutoshi. Hatuna budi kuutengeneza mpango wa kazi wenyewe.

Tuutazame mfano wa Hospitali ya Lacor, karibu na Gulu, kaskazini ya Uganda. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia huko mwaka 2000, wauguzi waliwahudumia wagonjwa huku wakiwazika wenzao. Mwezi wa Novemba watumishi walikusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Daktari Matthew Lukwiya, kiongozi wao, alikwenda kuzungumza nao kwa muda mrefu, na hospitali haikufungwa. Yeye mwenyewe alifariki dunia kwa ugonjwa huo tarehe 5 Desemba. Watumishi wengine 12 wa hospitali hiyo nao walipoteza maisha.

Twajifunza hapo kwamba hata mashujaa huchoka, na kwamba aliyechoka humhitaji kiongozi ajaye kuketi naye, si barua itokayo ofisini. Lakini haifai kuutegemea ushujaa kila siku. Siku za kawaida ni nyingi kuliko siku za janga, nazo zina dawa yake.

Kwanza, orodha ya zamu itangazwe mapema, na aliyekesha asiitwe tena mchana huo. Pili, idadi ya wauguzi ilingane na wingi wa wagonjwa, kwani nafasi ya aliyestaafu ikiachwa wazi hujazwa kwa jasho la waliobaki. Tatu, dawa na glavu zisikosekane; hakuna kimvunjacho moyo muuguzi kama kuijua tiba na kukosa kifaa. Nne, mgonjwa afarikipo, waliomhudumia wapewe robo saa ya kuketi pamoja na kusema yaliyowalemea. La kwanza na la nne hayahitaji fedha nyingi.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tuzifuate saa za kuwatazama wagonjwa, tungoje kwa adabu, na asubuhi tumwulize muuguzi habari za usiku. Aliyechoka hukosea, na kosa la wodini hulipwa na mgonjwa. Kwa hiyo kumpumzisha muuguzi si kumpendelea. Ni kuyalinda maisha yetu sisi tulalao kitandani.