Bakteriofaji: Virusi Vinavyoua Bakteria Sugu

Antibiotiki ziliokoa mamilioni ya watu katika karne ya 20, lakini bakteria nao hawakulala. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walipoteza maisha kwa sababu ya usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Miongoni mwao wamo watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, akina mama waliojifungua kwa upasuaji na majeruhi wa moto. Kwa mgonjwa ambaye majibu ya maabara yanaonyesha kwamba kila dawa iliyopimwa imeshindwa, watafiti wameurejea ugunduzi wa zaidi ya miaka 100 iliyopita: kutumia virusi kuua bakteria.

Adui wa bakteria

Bakteriofaji, au kwa kifupi faji, ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Haviwezi kuzaliana ndani ya seli za binadamu. Hupatikana popote walipo bakteria: udongoni, baharini, katika maji taka na ndani ya utumbo wa mwanadamu. Faji hujishikiza kwenye sehemu maalumu ya ukuta wa bakteria, huingiza vinasaba vyake, kisha humlazimisha bakteria kutengeneza faji wapya. Hatimaye bakteria hupasuka, na makumi au mamia ya faji hutoka kutafuta bakteria wengine. Dawa ya kawaida hupungua mwilini saa baada ya saa. Faji huweza kuongezeka maadamu adui yake yupo.

Hata hivyo, si kila faji anafaa kuwa dawa. Wapo wanaojificha ndani ya vinasaba vya bakteria bila kumuua, na wengine humwongezea madhara. Sumu inayosababisha kuhara kukali kwa mgonjwa wa kipindupindu, kwa mfano, hutokana na vinasaba vilivyoletwa na faji. Tiba humhitaji faji anayeua, si anayejificha.

Ugunduzi ulioachwa

Mwaka 1915 Frederick Twort wa Uingereza alieleza juu ya kitu kisichoonekana kilichoyeyusha bakteria. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alikihesabu kuwa virusi na kukipa jina la bakteriofaji; miaka miwili baadaye alikitumia kutibu kuhara damu. Taasisi iliyoanzishwa na Giorgi Eliava mjini Tbilisi, Georgia, mwaka 1923 inaendeleza tiba hiyo hadi leo. Nchi za Magharibi ziliiacha kwa kiasi kikubwa baada ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940. Penisilini iliua bakteria wa aina nyingi bila daktari kulazimika kumtambua kwanza kila mmoja.

Kutoka maji taka hadi wodini

Faji ni kinyume chake. Kwa kuwa huua aina chache tu za bakteria, huwaacha salama bakteria wenye manufaa mwilini. Lakini faji anayemuua Klebsiella wa mgonjwa mmoja anaweza kushindwa kabisa na Klebsiella wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti wa shahada ya uzamivu katika fani hii ni kutafuta na kulinganisha.

Mtafiti huanza na bakteria sugu waliopatikana kwa wagonjwa. Huchota maji taka, huyapitisha katika chujio lenye vitundu vinavyozuia bakteria na kuruhusu virusi, kisha huyachanganya na bakteria hao kwenye sahani ya maabara. Kesho yake, panapoonekana madoa angavu katikati ya utando wa bakteria, ndipo faji walipoua. Kila faji hutengwa, hujaribiwa dhidi ya bakteria wengi, na vinasaba vyake husomwa ili kuthibitisha kwamba habebi sumu wala usugu. Mwishowe husafishwa, kwa kuwa mabaki ya bakteria waliopasuka yanaweza kumletea mgonjwa homa na hata mshtuko.

Matokeo kwa wagonjwa

Hatua hizo zina uzito. Jaribio la PhagoBurn, lililofanyika Ufaransa na Ubelgiji kwa majeruhi wa moto wenye Pseudomonas aeruginosa, lilisitishwa mapema, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019. Faji walipunguza bakteria polepole kuliko krimu ya kawaida. Ilibainika kwamba nguvu ya mchanganyiko ilishuka baada ya kutengenezwa, hivyo wagonjwa walipata kipimo kidogo mno kuliko kilichokusudiwa.

Mwaka 2024 taarifa ya matibabu 100 yaliyofuatana, yaliyoratibiwa kutoka Ubelgiji, ilileta matumaini zaidi. Hali iliboreka katika asilimia 77.2 ya maambukizi, na bakteria waliolengwa walitokomezwa katika asilimia 61.3. Taarifa hiyo haikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haitoshi kuwa ushahidi wa mwisho. Lakini ilionyesha jambo la kuzingatia: pasipo antibiotiki sambamba na faji, uwezekano wa kuwatokomeza bakteria ulipungua kwa asilimia 70.

Mfano mmoja unasaidia kueleza ushirikiano huo. Bakteria hujenga usugu dhidi ya faji pia, ila mara nyingine kwa gharama. Faji aitwaye OMKO1, aliyeelezwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, hutumia kama mlango pampu ambayo Pseudomonas huitumia kutoa dawa nje ya mwili wake. Bakteria akiibadili pampu ili kumkwepa faji, hushindwa kuitoa dawa, na antibiotiki iliyokuwa imeshindwa hurudi kufanya kazi.

Faji, basi, ni mshirika wa antibiotiki kuliko kuwa mbadala wake. Faji waliokusanywa Brussels huenda wasiwamudu bakteria wa wodi ya Dar es Salaam. Kila nchi itahitaji hazina ya faji waliojaribiwa dhidi ya bakteria wake, maabara za kuwatambua bakteria hao kwa haraka, na utaratibu wa kisheria wa kuidhinisha tiba hiyo. Wakati kazi hiyo ikiendelea, kutumia antibiotiki kwa mafua, au kuzinunua bila kupimwa, ni kuharibu dawa ambazo hata faji watazihitaji.