Barabara ya Alter na Kesi ya 1974

Upande mmoja wa Barabara ya Alter ni Detroit, ng'ambo yake ni Grosse Pointe Park, na mtoto husoma kulingana na upande anaolala. Tangu nitoke Mombasa kuja Michigan, kila mzazi mwenzangu anayetafuta nyumba huulizia kwanza wilaya ya shule, kodi baadaye.

Wilaya hiyo si ya mkuu wa wilaya tuliyemzoea nyumbani. Ni eneo lenye bodi yake ya kuchaguliwa, bajeti yake na mpaka wake. Miaka ya 1970 fedha zake nyingi zilitokana na kodi ya majengo, kwa hiyo penye nyumba za thamani, shule nazo zilijiweza.

Mwaka 1970 wazazi wa Detroit na NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walikwenda mahakamani. Jaji Stephen Roth aliridhika kwamba serikali ya jimbo na bodi ya jiji zilikuwa zimewatenga watoto Weusi. Lakini Wazungu wengi walikuwa wameshahamia viungani. Ndani ya jiji pekee, ungemchanganya nani na nani? Mwaka 1972 akaamuru mpango uhusishe Detroit na wilaya 53 za viungani, watoto wavushwe mpaka kwa mabasi.

Tarehe 25 Julai 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukataa mpango huo, majaji 5 kwa 4. Wilaya za viungani, walisema, hazikuthibitika kubagua, basi mipaka yao isiguswe. Jaji Thurgood Marshall alipinga vikali. Ndiye huyo aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Hoja yake: wilaya za shule ni zao la jimbo, na jimbo ndilo lililokosa, litashindwaje kuivuka mipaka iliyo yake? Mimi naona haki ilikuwa upande wake.

Mpaka hauwi mtakatifu kila mara. Mji wa Gardendale, Alabama, ulitaka kujitoa katika wilaya ya shule ya Kaunti ya Jefferson uwe na wilaya yake. Jaji aligundua rangi ndiyo iliyousukuma, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikauzuia. Jefferson bado ilikuwa chini ya amri ya kuondoa ubaguzi, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1965.

Wazazi wenzangu mlio huku, vikao vya bodi ya shule viko wazi kwa umma. Mkisikia ramani inachorwa upya, nendeni mkaulize ni watoto gani wanaotolewa, na kwa sababu gani, kabla kura haijapigwa.